Runinga Iliyosoma Majina ya Wafu

Tabaro Kihwelo hakuwa na tai. Hakuwa na mjomba wizarani, wala shemeji jeshini, wala rafiki wa kunywa naye chai katika ile hoteli yenye ngazi zinazopanda zenyewe. Hakuwa na mbia kutoka ng'ambo. Hakuwa na cheti cha chuo chochote, maana elimu yake aliipata kwenye madarasa ya jioni, masikio yakiwa bado na vumbi la saruji la mchana. Hakuwa na gari, hakuwa na mlinzi, hakuwa na meno mawili ya mbele, ambayo Kikosi cha Utulivu kilimsaidia kuyapunguza katika mwaka wa uchaguzi. Na juu ya yote hayo hakuwa na woga wa kutosha, upungufu ambao katika Jamhuri ya Shwarini ulihesabiwa kuwa ugonjwa, na dawa yake ilikuwa rungu.

Alichokuwa nacho ni kituo cha runinga.

Wasomaji wanaoishi katika nchi nzuri kama hii yetu watauliza ajabu iko wapi. Basi na waelezwe. Shwarini ilikuwa na vituo vinne vya runinga. Vitatu vilikuwa mali ya kampuni moja ya ng'ambo, ambayo Serikali iliipokea kwa ngoma na kuipa mlima mzima wa kusimika minara yake. Vituo hivyo vilionyesha theluji. Vilionyesha watu wakiteleza juu ya theluji, watu wakioana katikati ya theluji, na mbwa wakifanyiwa sherehe za kuzaliwa wamevishwa kofia. Sasa, wananchi wa Shwarini ni watu weusi, weusi wa kukolea, kuanzia Rais hadi mpiga deki wa Rais. Lakini ndani ya vituo vile mtu mweusi alionekana kwa nadra, na akionekana, ama alikuwa anakimbizwa na polisi, ama amekinga bakuli apewe uji. Watoto walizoea. Mwalimu akiwaambia wachore daktari, walichora mtu wa pua ndefu, kisha wakaomba chaki nyeupe ya kumpaka.

Kiserikali jambo hili lilikuwa na faida kubwa. Kikosi cha Utulivu kilipiga watu kila Jumanne na Ijumaa, pamoja na sikukuu. Kwa kuwa vipigo havikuonyeshwa popote, wananchi walianza kuvitilia shaka. Mtu alirudi nyumbani mkono umevunjika mara mbili, akaketi mbele ya runinga mpaka taarifa ya habari ikaisha, asijione, akamwambia mkewe, "Labda nilianguka." Mke, ambaye alipasuliwa kichwa kwa kumkimbilia, akasema, "Labda na mimi." Wizara ya Utulivu iliita hali hiyo amani, ikapewa na tuzo huko ng'ambo, kikombe kikubwa chenye umbo la njiwa.

*

Tabaro aliiharibu amani hiyo kwa mabomba ya maji. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, akachomelea mabomba mpaka yakawa mnara, akaweka kamera aliyoiunda kwa vipuri vya kamera saba ndani ya kinu cha pamba kilichoachwa, akaomba leseni. Ofisa wa leseni alimuuliza atatangaza nini. Tabaro akasema, misiba. Ofisa akacheka hadi akapaliwa, akagonga mhuri. Nani angeacha mbwa mwenye kofia ili atazame misiba?

Kituo kiliandikishwa kwa jina la Runinga Kihwelo, lakini watu walikiita Ya Kwetu. Kilikuwa na mapishi ya mlenda, yaliyopikwa na mama aliyewatukana watazamaji wanaotia magadi mengi. Kilikuwa na mchezo wa daktari, na daktari huyo alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mweusi kama kila mtu, aliyepima mapigo ya moyo huku futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Watoto walipomwona, waliacha kuomba chaki nyeupe. Mtoto mmoja wa kike alizunguka nyuma ya runinga kutafuta mlango, kwa sababu shangazi yake alikuwa ndani na yeye alitaka kuingia.

Lakini kilichoisimamisha nchi nzima ni Taarifa ya Misiba, saa saba kamili mchana.

Katika Shwarini maiti hazikwi mpaka mtu asimame mbele ya watu ataje jina la marehemu, jina la baba yake, jina la mama yake, na kilichomuua. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mpiga mbiu juu ya kilima. Siku hizi sheria iliruhusu sababu tatu tu za kifo: uzee, kuteleza, na mshtuko wa furaha. Wapiga mbiu waliotaja sababu ya nne waliteleza wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Hivyo wafiwa walikuja Ya Kwetu, wakaketi kwenye benchi refu ukumbini, wakangoja zamu yao kwa Bi Nyangeta.

Bi Nyangeta alikuwa mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kengele na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alizijua koo zote za Shwarini, na hakukosea jina la mtu hata siku moja. Aliposoma, "amekufa kwa rungu la kisogoni, siku ya Jumanne, mbele ya duka la mkate," nchi nzima iliacha kijiko hewani.

*

Mwezi wa sita wafanyakazi wa kiwanda cha sukari waliomba glavu. Waliziomba kwa adabu, kwa barua, kisha kwa kusimama nje ya lango wakiwa wameinua viganja vilivyoungua ili meneja avione. Kikosi cha Utulivu kilifika na malori matatu. Kilipiga risasi kwa dakika kumi na moja, kikapumzika kunywa maji, kikapiga tena dakika mbili kwa ajili ya unadhifu.

Jioni Waziri wa Utulivu alijitokeza katika vituo vyote vitatu, katikati ya mashindano ya kuviringika thelujini. Huyu alikuwa Mheshimiwa Daktari Daktari Lwimbo, aliyetajwa udaktari mara mbili kwa sababu aliusomea mara mbili.

"Wananchi wapendwa," alisema, "leo wafanyakazi kumi na saba wameteleza kwa pamoja kwenye molasi, wakaangukia risasi zilizokuwa zimelala chini. Serikali inawakumbusha kuvaa viatu vyenye soli nzuri."

Kesho yake, kabla ya saa nne asubuhi, benchi la Ya Kwetu lilijaa, na waliokosa nafasi waliketi sakafuni. Wa kwanza alikuwa Mama Tulinagwe, muuza vitunguu, mama wa kijana mmoja tu.

"Jina la mwanao?" aliuliza Bi Nyangeta.

"Ipyana."

"Baba yake?"

"Andika Mbwiga. Hakustahili kutajwa, lakini mwandike, mila ni mila."

"Na kilichomuua?"

Mama Tulinagwe alifungua ncha ya kanga akaweka mezani kipande cha risasi, kidogo kama punje ya dengu. "Nimekitoa mwenyewe kwa kisu cha vitunguu. Kama hii ndiyo molasi, basi uji wa nchi hii nitaunywa bila sukari."

Saa saba kamili Bi Nyangeta alianza kusoma, Tabaro akiwa nyuma ya kamera. Alisoma Ipyana, akasoma wa pili, akasoma wa tatu. Alipofika wa kumi mlango uliingia ndani pamoja na fremu yake, na nyuma ya mlango wakaingia askari ishirini.

Hawakuuliza kitu. Kitako cha bunduki kilimpata Bi Nyangeta mdomoni katikati ya jina, na jina likamwagika pamoja na damu. Wafiwa walipigwa pale pale kwenye benchi, kwa utaratibu, kutoka kushoto kwenda kulia. Mzee mmoja alijikinga kwa picha ya mwanawe, wakaipiga picha mpaka wakamfikia. Tabaro aliangukia kamera akiikumbatia, wakamkanyaga mpaka mbavu tatu zikaachana.

Kamera ilianguka ubavu, lakini haikuzimika. Kwa kuwa ilitoka katika vipuri vya kamera saba, haikuwa na adabu hata ya mojawapo. Kwa nusu saa Jamhuri ya Shwarini ilitazama buti za Kikosi cha Utulivu zikipanda na kushuka juu ya watu. Hapakuwa na muziki wala maelezo. Majumbani, madukani, kwenye vijiwe vya kahawa, watu waliziangalia zile buti, kisha polepole wakagusa makovu yao, huyu kisogo, yule goti.

"Zile nazijua," alisema mume wa mkono uliovunjika mara mbili.

"Ya kushoto ina kiraka," alisema mkewe. "Ndiyo yenyewe."

Na tangu siku ile hapakuwa tena na mtu Shwarini aliyeanguka mwenyewe.

*

Bi Nyangeta alibebwa kwenye lori. Tabaro aliachwa sakafuni, maana Waziri alitaka kuongea naye, na Waziri hakupenda kuongea na watu waliosimama.

Alikuja siku ya pili yake asubuhi, amevaa suti ya rangi ya maziwa, akichagua pa kukanyaga katikati ya damu iliyokauka.

"Mzee Kihwelo," alisema, "umeniletea tatizo la kitaalamu. Kuna familia kumi na saba zinakataa kuzika mpaka majina yote yasomwe. Lakini nimelifikiria. Kama watu hawajafa, hakuna msiba. Kama hakuna msiba, hakuna taarifa. Hii inaitwa mantiki. Nimeisomea miaka minne."

"Lakini wamekufa, Mheshimiwa."

"Leo saa saba nitaleta vijana wangu kumi na saba. Wataketi hapo, mmoja mmoja, na kila mmoja ataiambia nchi: mimi ndiye fulani, ni mzima, naishukuru Serikali. Wewe utashika kamera. Ukifanya vizuri utarudishiwa mama yako huyo wa miwani. Ukifanya vibaya, atapata mshtuko wa furaha."

Tabaro alijiinua kwa kiwiko. Kilichomuuma zaidi ya mbavu ni hili: kwa miaka minane Ya Kwetu haikusema uongo hata juu ya mvua.

"Kwa nini usiwaonyeshe kwenye vile vituo vyenu vitatu, Mheshimiwa? Vina taa nzuri."

"Kule nani ataamini?" alisema Waziri. Kisha alisikia alichokisema, akawageukia walinzi wake wanne. "Hamjasikia hilo."

"Hatujasikia, Mheshimiwa," walijibu wanne, lakini sauti zao zilikuwa chini mno, na kila mmoja alikuwa anatazama viatu vyake.

Hawakuinamisha macho kwa sababu ya vituo. Kila mtu aliyelelewa Shwarini na watu wa Shwarini anajua jambo moja. Mtu akitamka mbele ya watu, "Mimi ndiye fulani," wakati fulani huyo amekufa na bado hajazikwa, basi ndiye. Ukoo unakuja kumchukua siku hiyo hiyo, atake asitake. Anapewa jembe la marehemu, godoro la marehemu, mama wa marehemu, na ugomvi wa marehemu wa mpaka wa shamba, na hana ruhusa ya kukiacha hata kimoja. Ndiyo maana hata walevi wa nchi ile hawachezi na jina la maiti. Lakini Mheshimiwa Lwimbo alikulia mbele ya vile vituo vitatu, akapelekwa ng'ambo angali na miaka sita. Alijua kumtakia mbwa heri ya kuzaliwa katika lugha mbili. Hili hakulijua.

Tabaro alifungua kinywa amwambie. Halafu akakumbuka kwamba hakuulizwa.

"Una neno, mzee?"

"Hapana, Mheshimiwa. Waje wamechana nywele."

*

Saa saba kasoro robo askari kumi na saba walipangwa ukumbini, wamevalishwa nguo za kiraia zilizotolewa stoo, zote za rangi moja. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Koplo Msengi, mtu wa miaka thelathini, mabega kama kabati. Alipewa karatasi iliyoandikwa jina la Ipyana, akatokwa jasho.

"Afande," alimnong'oneza Kanali wake, "nina mama tayari."

"Soma karatasi."

"Afande, unajua wewe mwenyewe. Umezaliwa hapa hapa."

Kanali alijua. Lakini Kanali alikuwa na nyumba ya Serikali, na alisema tena, kwa sauti iliyokwaruza, "Soma karatasi, Koplo."

Tabaro akawasha kamera. Koplo Msengi aliketi kwenye kiti cha Bi Nyangeta, akainua karatasi.

"Mimi ndiye Ipyana," alisema, "mwana wa Mbwiga na Tulinagwe. Ni mzima."

"Tabasamu!" aliamrisha Waziri kutoka nyuma.

Koplo alitabasamu, machozi yakimtiririka. "Naishukuru Serikali."

Wote kumi na saba walisema. Wa saba alizirai akasemeshwa akiwa amelala. Waziri alipiga makofi, akatuma Bi Nyangeta arudishwe, akaondoka kwenda kula.

Katika nyumba moja ya tofali nyuma ya soko, Mama Tulinagwe alikuwa ameketi kati ya runinga na mwanawe. Mwanawe alikuwa amelala mkekani, amefunikwa kanga mbili. Mama aliiangalia runinga mpaka wa kumi na saba akamaliza. Kisha alikunja pembe ya kanga, akamgusa kijana shavu.

"Umepata wa kukushikia zamu, baba," alimwambia. "Lala sasa."

Akapakua maharage kwenye sufuria, akachukua kamba ya kufungia mbuzi, akatoka.

*

Saa tisa alasiri familia kumi na saba zilikuwa kwenye lango la kambi. Zilikuwa na kamba, majembe, vyungu vya chakula, na kinyozi mmoja, maana anayerudi lazima anyolewe.

"Nimemfuata mwanangu," Mama Tulinagwe alimwambia Kanali.

"Mama, hapa hakuna mtoto wako. Hapa ni jeshini."

"Amesema mwenyewe na nchi nzima imemsikia. Nitolee Ipyana, chakula kinapoa."

"Hilo lilikuwa igizo tu, mama!"

"Igizo ni la yule fundi cherehani. Hii ilikuwa Taarifa ya Misiba."

Mwenye bunduki akibanwa hutafuta njia fupi. Kanali aliamuru risasi. Safu ya kwanza ya wanawake ilianguka na vyungu vyao, maharage na damu vikatiririka katika mfereji mmoja. Mama Tulinagwe hakuanguka. Alikuwa bado amenyoosha sufuria mbele, kama mtu anayemtengea mtoto, na Kanali alichomoa bastola akamlenga kichwani.

Koplo Msengi, ambaye tangu saa saba mchana alikuwa Ipyana, aliona mama yake akilengwa. Alimpiga Kanali kwa kitako cha bunduki, taya la Kanali likahamia upande wa pili. Askari aliyesimama karibu akamkata Msengi singe begani. Yule wa saba, aliyezirai, alimrukia huyo mwenye singe, wakaanguka wawili ndani ya mfereji na mmoja tu ndiye aliyetoka. Ndipo kambi ikajigawa. Wale waliokuwa na mama langoni walipigana na wale ambao bado hawakuwa naye. Majembe yaliyoletwa kwa kulima yalifanya kazi nyingine. Mjane mmoja alimng'ata Kanali sikio, akalitema, akaendelea na la pili. Malori yote matatu yaliungua, na Waziri, aliyekuja kutuliza hali kwa hotuba, alipokewa na chungu cha kunde cha moto usoni kabla hajamaliza kusema "wananchi wapendwa."

Jua lilipoanza kushuka, wanawake sita na askari tisa walikuwa wamekufa. Kumi na wanne kati ya wale kumi na saba walikwenda makwao mapya wamefungwa kamba kiunoni, na inasemekana hakuna aliyevuta kamba. Watatu waliuawa, hivyo majina yao yakawa yamekufa mara mbili, na Wizara ilipata shida kubwa, kwa sababu fomu ya cheti haikuwa na nafasi ya mara ya pili.

Vituo vitatu vilionyesha mbwa sita wakivuta kigari thelujini.

*

Bi Nyangeta alirudishwa jioni ile ile, kama ilivyoahidiwa. Waziri alikuwa mtu wa neno lake, ila hakuahidi atarudi katika hali gani. Jicho moja lilikuwa limefumba, meno matano hayakuwepo, na alitembea kwa kuegemea fito.

"Wamenichapa nyayo," alimwambia Tabaro, akijishusha kitini. "Siku nzima. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba mimi sisomi kwa nyayo."

"Pumzika, dada."

"Nilikatizwa kwenye la kumi. Nipe karatasi nilimalizie."

Tabaro hakupata nafasi ya kuitafuta karatasi, maana Waziri aliingia, kichwa kimefungwa bandeji kama kabichi, akiwa na askari waliobaki na hati ndefu yenye utepe.

"Mzee Kihwelo," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa na heshima, jambo lililomtisha Tabaro kuliko rungu. "Serikali imetambua thamani ya kituo chako. Miaka arobaini tumewaonyesha watu hawa vitu vya kifahari, na hakuna aliyewahi kuinuka kitini kwa ajili ya alichokiona. Wewe, na mabomba yako ya maji! Sura nyeusi kwenye kioo, jina la baba, jina la mama, na watu wanakimbilia bunduki wakiwa wameshika maharage. Mimi nina udaktari mara mbili na sijawahi kuona mtambo wenye nguvu kama huu. Kitu chenye thamani hivi hakiwezi kuachwa mikononi mwa mwenyewe."

"Mnataka nini, Mheshimiwa?"

"Saini. Kituo kinakabidhiwa kwa kampuni ya ng'ambo. Jina litabaki Ya Kwetu. Mama huyu atabaki kwenye kiti, atasoma tutakachomwandikia. Watu watamwamini, wamezoea sauti yake."

"Mkiniua, si mtakichukua tu?"

"Bila saini kampuni haipokei. Wenzetu wa ng'ambo wanapenda mambo ya sheria."

Tabaro alimtazama Bi Nyangeta. Bi Nyangeta alimtazama kwa lile jicho lililobaki.

"Sitii saini," alisema Tabaro.

Walimwekea mkono wa kulia mezani, wakavunja vidole kimoja kimoja, wakiuliza baada ya kila kidole. Kwenye cha nne Waziri aliwasimamisha kwa hasira. "Wapumbavu! Atasaini na nini?" Akairudisha hati mezani, akapangusa kunde iliyobaki sikioni. "Nina Baraza la Mawaziri. Kesho, kabla ya saa saba mchana, nataka jibu lako kwa maandishi, katika bahasha iliyofungwa na yenye mhuri, kama kanuni zinavyotaka. Ikiwa jibu ni hapana, nitaandika amri ya kuvunja, na hawa wataanza na mnara, kisha mama, kisha wewe. Sajenti, mpaka amri hiyo ikufikie, hakuna kuinua nyundo. Tusije tukasemwa kwamba hatufuati taratibu."

*

Siku iliyofuata, saa tano asubuhi, benchi lilikuwa limejaa tena. Safari hii waliketi pamoja mama za wafanyakazi wa kiwandani na mama za askari, bega kwa bega, wasitazamane, kila mmoja na jina lake mkononi. Nje, Sajenti na watu wake tisa waliegemea nyundo zao.

Tabaro alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto, ulimi umetoka nje.

"Hiyo ni herufi au mjusi?" aliuliza Bi Nyangeta.

"Niache, mwalimu."

"Darasa la jioni walikufundisha kuacha nafasi baada ya nukta. Acha nafasi."

Akaacha nafasi. Barua ilisema hivi:

*Mheshimiwa Waziri,*

*Nimeisoma hati yako yote, pamoja na maandishi madogo ya chini. Kituo hakikabidhiwi. Leo saa saba mchana tutasoma majina ishirini na matatu: wanane wa kiwandani waliobaki, wanawake sita, na askari wako tisa. Wako watasomwa sawa na wetu, kwa baba, kwa mama, na kwa kilichowaua. Kama kuna jina utaona limekosewa, njoo mwenyewe. Utakaa kwenye benchi na kungoja zamu, nyuma ya waliotangulia.*

*Mwandiko umekwenda upande kwa sababu vidole vilivyozoea umevivunja.*

*Tabaro Kihwelo, mwenye kituo.*

Sajenti aliingia saa saba kasoro dakika kumi, akasimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa mtu mrefu, macho mekundu.

"Mzee, jibu liko tayari?"

"Linakauka."

Sajenti aliangalia benchi, akaangalia karatasi mbele ya Bi Nyangeta. Akashusha sauti. "Mwalimu, mdogo wangu alikuwa kambini jana. Chonya. Jina lake limo?"

Bi Nyangeta alipeleka kidole chini ya mistari. "Limo. La kumi na nane. Chonya, mwana wa Mazengo. Upande wa mama sina."

"Mbula," alisema Sajenti. "Mama yetu anaitwa Mbula. Usimsahau, mwalimu, atakuwa anatazama."

"Na kilichomuua?"

Sajenti aligeuza kofia mikononi. "Risasi ya Kanali," alisema. "Ya mgongoni."

Bi Nyangeta akaandika. Tabaro alikunja barua mara tatu, akaitia katika bahasha, akalamba gundi, akaikandamiza kwa kiwiko kwa kuwa mkono ulikataa. Akagonga mhuri wa Runinga Kihwelo mara mbili, moja kwenye mshono na moja kwa heshima ya kanuni.

Sajenti aliipokea kwa mikono miwili, akatoka nayo uani. Malori yalikuwa yameungua, imebaki baiskeli moja ya Wizara, na Wizara iko juu ya kilima upande wa pili wa mji, mwendo wa dakika arobaini kwa mtu mwepesi. Aliwatazama watu wake tisa mmoja mmoja, bila haraka, kisha akamwita yule mnene kuliko wote.

"Peleka," alisema. "Usikimbize. Barua ya Mheshimiwa isije ikapata jasho."

Yule askari aliweka bahasha ndani ya shati, akapanda baiskeli kwa jaribio la tatu, akaondoka akiyumba kuelekea kilimani. Ndani, Tabaro aliwasha kamera.